Daraja la Ngazi Sitini na Mbili

Kwa Rula, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Nakusalimu kwanza, maana salamu haina ugomvi na mtu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo tangu zamani halina adabu, na macho ambayo siku hizi yanaona mbali kuliko karibu, kama ya wakubwa wenu huko ofisini. Wewe je? Mwili najua unao, umejengeka kwa chakula changu. Roho ndiyo sijui iko wapi, kwa kuwa hupokei simu. Unakula? Unalala? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Usiniambie tena kuwa ni vumbi la makaratasi. Mwenye vumbi ni mimi ninayeuza mkaa, na sikohoi.

Nimekupigia mara kumi na moja. Kila nikipiga, mwanamke mmoja ananiambia kwa upole kwamba ninayempigia hapatikani kwa sasa. Mara ya tano nilimwambia maneno yangu yote, kwamba kama anajua hupatikani basi anajua pia ulipo, akuite. Mjomba wako alicheka mpaka akakaa chini, akasema yule si mtu, ni mashine. Basi nimekaa kuandika. Darasa langu la nne linatosha barua moja, hata kama mistari inapanda mlima. Nitampa mjomba wako, kesho Jumanne anapita huko na lori lake. Ukiona alama nyeusi kwenye karatasi ujue ni mkaa. Usije ukajidanganya kuwa ni machozi.

Hapa nyumbani wote hawajambo. Mjomba wako ameongeza tumbo na anasema ni upepo. Mama Cherehani, rafiki yangu, anakusalimu. Anasema bado ana kile kitambaa ulichomwachia akushonee gauni, na kwamba kama umekonda kwa mawazo uje upimwe upya.

Habari kubwa bado ni lile daraja. Naona haya hata kuliita daraja. Daraja nililozoea mimi chini yake huwa na maji, au korongo, au kitu chochote ambacho mtu hawezi kukiruka. Hili letu limepita juu ya barabara kavu ambayo mbuzi anaivuka huku anatafuna. Limesimama mbele ya kibanda changu kama mgeni aliyekuja na mizigo mingi na hasemi anaondoka lini. Kila asubuhi nikikaa kwenye kigoda changu nalitazama, nalo linanitazama, na hakuna kati yetu anayejua la kusema.

Ngazi zake ni sitini na mbili kupanda na sitini na mbili kushuka. Nimezihesabu kwa macho tu, sijawahi kuweka hata kidole cha mguu kwenye ya kwanza. Ziko wazi katikati, ukipanda na gauni walio chini wanajua habari zako zote. Chuma cha kushikilia mchana kinaunguza kama mpini wa sufuria. Mvua ikinyesha, maji yanakaa juu kule katikati siku tatu, na sijui aliyelijenga alidhani maji yatashuka kwa ngazi kama watu.

Kuna lifti, unaijua, uliniambia mwenyewe itakuwapo kwa ajili ya watu wa magoti kama yangu. Siku ya kufungua, mgeni rasmi alikata utepe, akaingia kwenye lifti na watu wake wanne, mlango ukajifunga, tukapiga makofi. Akatokea juu, akatupungia mkono, tukapiga makofi tena. Akashuka kwa lifti ileile upande uleule, akapanda gari lake akaenda. Hiyo ndiyo safari yake ya kwanza na ya mwisho, ya lifti nasema. Sasa imebandikwa karatasi inayosema inatengenezwa, na karatasi yenyewe imeshapauka maandishi hayasomeki. Nilimuuliza mlinzi aliyekuja siku moja. Akasema ufunguo anao mlinzi mwenzake anayelinda daraja jingine, mtaa mwingine. Nikamuuliza lifti ya huko inafanya kazi? Akasema hapana. Nikamuuliza sasa ufunguo wanautunza wa nini? Akaniambia bibi, mimi ni mlinzi tu.

Usidhani halitumiki kabisa. Dobi anaanika mazulia juu ya vile vyuma na anasema tangu azaliwe hajapata kamba nzuri kama ile. Vijana wanapanda kupiga picha. Na yule mwalimu mstaafu ambaye daktari amemwambia apunguze kitambi anapanda kila alfajiri, anafika juu, anapumua kidogo, halafu anashuka upande uleule aliopandia. Nilimuuliza kwa nini asivuke. Akasema ng'ambo hana shida nako. Huyo ndiye mtumiaji wetu mkubwa, mjukuu wangu. Mtu mmoja, na havuki.

Wengine tunavuka chini. Soko liko ng'ambo, zahanati iko ng'ambo, shule iko ng'ambo, na tumbo la mtu halingoji ngazi. Waliweka uzio wa chuma katikati ya barabara, toka kwenye duka la mikate mpaka kituo cha mafuta, ili tusipite. Hazikupita siku tatu likaonekana tundu. Fundi wa kuchomea vyuma alikuja kuliziba, akachomea vyuma vyote akabakiza kimoja, kwa sababu sanduku lake la vifaa alikuwa ameliacha upande wa pili. Akapita humo kulifuata, hakurudi. Tundu limekuwa kubwa zaidi. Mimi huwa nawafokea wanaopita humo, nawaambia hawana adabu, serikali imewajengea. Halafu nikitaka chumvi nangoja wasinione, nami napita humohumo.

Anayeniuma ni Mama Cherehani. Unakumbuka gari lilivyomgonga mwaka juzi alipokuwa anakwenda zahanati, nyonga ikavunjika, tangu hapo anatembea na fimbo. Zamani madereva walikuwa wakifika hapa wanapunguza mwendo, si kwa upendo, bali kwa kuwa tulikuwa wengi barabarani na hawakutaka kesi. Sasa wameona daraja, wameona uzio, wanasema barabara ni yao peke yao. Wanapita kama waliotupwa. Mama Cherehani ngazi haziwezi. Tunduni anapita kiubavu, fimbo kwanza kisha yeye, na akifika katikati anasimama macho ameyafumba. Miezi miwili sasa hajaenda zahanati. Anakaa ndani na cherehani yake, anasema daraja limejengwa kwa ajili yake na limemfunga nyumbani, na anacheka. Mimi sicheki.

Sasa nije kwa yako.

Mwezi uliopita walikuja watu watatu na mafaili, wakajiita kamati. Wakasimama chini ya daraja nusu siku wakihesabu wanaopanda. Wakampata mwalimu mstaafu, dobi, na paka. Wakaanza kuuliza mitaani. Wakauliza kama tunamjua mtu wa ofisi ya barabara aliyesaini hesabu za wavukaji wa hapa. Wakataja jina lako kamili lenye jina la babu yako ndani yake. Mwenye duka la mikate, mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, akawaambia huyo si mjukuu wa Bibi Mkaa? Basi maneno yakapata miguu. Ikawa umejenga daraja mlangoni kwa bibi yako. Ikawa umeongeza hesabu ili ndugu zako wapate. Jioni yake mjomba wako akaja na habari kuwa umesimamishwa kazi.

Nawe unajua nilichofanya. Nilikupigia simu mbele ya watu wote, pale kibandani, wateja wamesimama na magunia yao. Nikakuita mwongo. Nikakuuliza umekula nini cha watu. Nikasema mimi sikukulea hivyo, nikasema babu yako huko aliko amegeuka na kutazama ukuta. Nilipaza sauti ili wasikie kwamba Bibi Mkaa hafugi wezi. Wewe ulisema neno moja tu, kwamba ulisaini ulicholetewa na mtu aliyehesabu. Kisha ukakata. Wiki tatu sasa.

Kuna jambo nimelikumbuka tangu siku ile na haliniachi. Ulikuwa na miaka saba, umepewa rula shuleni, ukawa unapima kila kitu, kuku, mlango, pua ya mjomba wako. Ndiyo jina likakukaa. Siku moja ukapima kitanda changu, ukaja kuniambia mbele ya wageni kwamba bibi, kitanda chako kimepinda, upande mmoja ni mrefu. Nikakuchapa kwa kuniaibisha. Usiku nililala nikateleza. Asubuhi nikakipima mwenyewe kwa kamba, kilikuwa kimepinda. Sikukwambia. Nilimwita seremala wakati uko shuleni.

Kama umesimama, kaa. Kama umekaa, shika meza.

Hesabu ile niliiongeza mimi.

Nitakueleza, na nitaeleza kama ilivyokuwa, ila kichwa changu mwenyewe hakijaielewa hadi leo. Mama Cherehani alipotoka hospitali nilikupigia nikakwambia wewe uko huko kwenye ofisi ya barabara, tuletee kitu, watu wanakufa. Ukanijibu kwa ile sauti yako ya ofisini kuwa kitu hakiletwi kwa mapenzi, bibi, kinaletwa kwa hesabu, na kwamba mtu atakuja kuhesabu wanaovuka, Jumatano na Alhamisi, asubuhi hadi jioni. Ulinitajia siku kwa mdomo wako. Hukuwa na nia mbaya, ulinitajia ili nifurahi. Nami nikafurahi. Nikasema moyoni, kama wanataka hesabu, hesabu watapata.

Nikawaita wanawake wa mtaa. Tulikuwa arobaini na watatu. Nikawaambia serikali haisikii kilio, inasikia nambari, basi tuipigie kelele kwa miguu. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Jumatano asubuhi alikuja bwana mmoja mtu mzima, amevaa kofia, akakunjua kiti chake chini ya mwavuli karibu na nguzo ya umeme. Mkononi ana kidude cha kubonyeza. Mtu akivuka, anabonyeza. Akirudi, anabonyeza. Sura hatazami.

Basi tukavuka. Tunakwenda ng'ambo na vikapu, tunazunguka nyuma ya duka la mikate, tunabadilisha mitandio, tunarudi na ndoo. Ng'ambo kulikuwa na kapu la mitandio na huku kulikuwa na jingine. Mtoto wa jirani, yule mnene, alivuka barabara mara kumi na nane kwa migongo tisa tofauti, na jioni alikuwa anamwita kila mwanamke mama. Mama Cherehani naye hakukubali kubaki. Alivuka mara nne na fimbo yake, malori yanampigia honi, na kila akivuka yule bwana alitikisa kichwa kwa huruma akabonyeza kwa nguvu zaidi, kama vile huruma ingehesabiwa mara mbili. Nilijiona mtu mkubwa siku ile, nisikufiche. Nilisimama kibandani nikiwapanga kama mkuu wa jeshi. Nilisema wasomi wana mafaili, sisi tuna miguu.

Na sasa hili ndilo linalonichanganya, nisaidie wewe uliyesoma. Ule ulikuwa uongo? Kila alipobonyeza, mtu alikuwa amevuka kweli. Hatukumwongezea hata mmoja ambaye hakupita. Gari lingemgonga mmoja wetu ile raundi ya kumi angekufa kweli, si kwa uongo. Nimeligeuza hili hivi na hivi kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa nguo isiyo na mshono. Mchana nasema si uongo. Jioni nasema kama si uongo, mbona sikumwambia Rula?

Lakini hujasikia kibaya zaidi. Mmoja wa kamati, yule mrefu, alikuja kununua mkaa wiki iliyopita, akakaa kidogo kwenye kivuli changu. Nikamuuliza kijanja, ni hesabu gani inayoleta daraja. Akaniambia wakivuka zaidi ya elfu moja kwa siku, linajengwa daraja la juu. Nikamuuliza wakiwa chini ya hapo hawapati kitu? Akasema wanapata mistari myeupe barabarani, matuta mawili na taa ya kusimamisha magari, kazi ya wiki mbili. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Mistari, matuta na taa. Ndicho tulichokuwa tunakitaka, mjukuu wangu! Hakuna mtu mtaa huu aliyewahi kuota kupanda angani ili akanunue nyanya. Mtaka cha mvunguni huinama, sisi tulitaka cha mvunguni tukapandishwa darini. Kama tungekaa tumetulia, kila mtu akavuka kwa shida zake kama siku zote, leo Mama Cherehani angebonyeza taa, malori yangesimama, naye angepita polepole kama bibi harusi. Tuliongeza miguu ili tupate upesi, na ile miguu ya kuongeza ndiyo iliyotunyima. Hapo ndipo akili yangu inapokwama. Nilikuwa najua kwamba mwenye shida nyingi hupewa kitu kikubwa. Sikujua kuna kikubwa kisichomfaa mtu yeyote. Yule mrefu alipoondoka alisahau mkaa wake, nami nilisahau kumwita.

Haijaisha. Kamati wanarudi Alhamisi hii. Asubuhi yule bwana wa mwavuli atakaa tena chini ya daraja na kidude chake kuhesabu wanaopanda. Mchana watakaa kwenye ukumbi wa shule, ng'ambo, kusikiliza mwenye la kusema. Wakiona daraja lina watu, hesabu yako imesimama na wewe unarudi kazini. Wakiona halina watu, ulidanganya.

Jana Mama Cherehani aliita wanawake nyumbani kwake. Wamekuja wote, isipokuwa wawili waliohama. Yeye ndiye aliyesema, kwamba tulimtia mtoto kwenye shimo kwa miguu yetu na tutamtoa kwa miguu yetu. Tufanye tena. Safari hii tupande daraja, tushuke, tubadilishe mitandio, tupande. Mmoja akauliza, na wewe mwenye fimbo? Akasema atapanda kwa makalio, ngazi moja moja, aanze alfajiri. Watu wakacheka huku wanafuta macho. Wote wakanigeukia mimi, wakasema Bibi Mkaa, tupange.

Nikainua kidole kuanza kuwapanga. Maana nilitaka. Wallahi nilitaka. Niliona kabisa ukirudi ofisini, umevaa kile kiatu chako cha kugonga, wanakuomba radhi. Neno moja kutoka kwangu lingetosha. Halafu nikawaza, yule bwana atabonyeza, na hesabu itasema daraja hili ni zuri na linapendwa. Wataziba tundu kwa zege. Mama Cherehani atakaa upande huu mpaka afe. Na watu wa mtaa mwingine wenye barabara kama yetu watajengewa ngazi sitini na mbili kwa sababu za kwetu zilipandwa sana. Tena wewe. Ungejua. Wewe uliyepima kitanda ungeangalia nambari ile, ungejua imepinda, ungenyamaza ili kumlinda bibi yako, na ungelala unateleza kila usiku. Sikukulea hivyo. Safari hii nalisema mahali pake.

Nikawaambia Alhamisi kila mtu akae na shida zake. Mwenye haja ya ng'ambo avuke, asiye na haja akae nyumbani. Wakaguna. Mama Cherehani akaniuliza, sasa mtoto tunamwacha? Nikasema hapana, nitakwenda mimi.

Hili ndilo la mwisho nililokuficha. Unakumbuka mlango wa stoo yangu ya mkaa, ule wa mbao nzito? Siku zile mbili, kila mwanamke alipovuka nilimchorea mstari wa mkaa nyuma ya mlango ule. Kila mmoja na safu yake, na mwanzo wa safu nimechora alama yake, cherehani, ndoo, mkate, mtoto mnene, maana majina ya wote siwezi kuyaandika. Nilifanya hivyo asije mtu baadaye akajisifu kuwa alivuka zaidi ya mwenzake. Mlango ule hufunguka kuelekea ndani, hakuna mvua wala mkono uliougusa. Mistari yote ipo. Nimeihesabu mara tatu, nimepata elfu moja na thelathini na tisa kwa siku mbili. Wakizitoa hizo kwenye hesabu yako, kinachobaki ndicho cha kweli. Ila sijui jambo moja. Kila mwanamke safari yake ya kwanza ya siku ilikuwa ya haki, alikuwa na shida zake kweli sokoni. Hizo nizitoe au niziache? Hilo utanipigia hesabu wewe mwenye rula.

Leo asubuhi nimemwita seremala ameung'oa mlango. Stoo iko wazi, mkaa unatazama barabara, na mwizi akitaka achukue. Wapagazi wangu wawili wataubeba Alhamisi. Wameniuliza kama tutaupitisha tunduni, nikawaambia haupiti, ni mpana. Basi utapita juu. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wa kale, lakini hawakuona yangu. Nitapanda ngazi zote sitini na mbili na goti hili, kwa mara ya kwanza, wapagazi nyuma yangu na mlango, na nitashuka sitini na mbili. Kisha nitaingia ukumbini, nitausimamisha mlango mbele ya kamati, nami nitasimama pembeni yake nieleze kama nilivyokueleza hapa, na Mama Cherehani amesema kama nikitajwa mimi atajwe na yeye. Kama watanifunga, wanifunge karibu na dirisha. Kama watanicheka, wacheke, nimewauzia mkaa watu waliocheka zaidi.

Sijui kama itakusaidia. Yule mrefu anaweza kusema mlango si karatasi. Anaweza kuuliza kwa nini aamini mistari ya bibi mmoja aliyekwisha kuwadanganya. Swali hilo ni zuri. Nina mlango tu.

Nisalimie majirani zako, na yule mama mwenye nyumba mwambie asikusumbue kipindi hiki, akikusumbua anitafute. Mjomba wako amebeba gunia moja la mkaa mzuri, mwepesi, hautoi moshi. Usimgawie mtu. Kula chakula cha moto. Mtu aliyesimamishwa kazi hajasimamishwa kula. Babu yako hakugeukia ukuta, nilimsingizia. Angekuwepo angekuwa upande wako, kama siku zote, mlikuwa mnanisema wawili jikoni mkidhani sisikii.

Kuhusu kitanda, ulikuwa sahihi. Kuhusu simu ile pia.

Alhamisi yule bwana wa mwavuli nitampita karibu kabisa, na nimeshamtumia salamu. Nimemwambia nitavuka na mtandio mmoja, ule wa kijani unaoujua, na akiniona abonyeze mara moja tu.

Nikishuka upande wa pili nitakupigia. Pokea, mwanangu.

Mimi bibi yako, wa damu na wa makosa,
Bibi Mkaa